Runinga ya sola ilivyoacha kuzimika
Runinga ya volti 12 sebuleni kwa mama ilikuwa inazimika muda mfupi baada ya kuwashwa, na fundi alishasema betri imekufa. Nikapima kwa mita kabla haijazimika: kwenye betri volti 12.4, kwenye runinga 9.6. Betri ni nzima! Volti 2.8 zilikuwa zinapotea njiani. Waya wenyewe ulikuwa mwembamba, milimita 0.5 za mraba, mita 20 kwenda na 20 kurudi (wengi husahau kuhesabu za kurudi). Huo ni ukinzani (kiasi waya unavyozuia umeme kupita) wa omu 1.4 hivi. Zidisha kwa mkondo wa runinga, yaani umeme unaopita kwenye waya, ampea 2, unapata 2.8 ileile. Nikaweka waya wa milimita 2.5 za mraba, upotevu ukashuka hadi volti 0.6 hivi. Sasa mama anatazama taarifa ya habari hadi mwisho, kwa betri ileile.