Kashata nene zilinidanganya

Wiki hii mawingu yameanza kukusanyika jioni upande wa Mlimwa, yanakaa kidogo, kisha yanatawanyika bila kudondosha kitu. Tunaoishi Dodoma tunaijua dalili hiyo. Mvua zetu ni za msimu mmoja tu, huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kukata Aprili, na zikianza hazibembelezi mtu. Korongo ulilovuka asubuhi likiwa mchanga mtupu, jioni linabeba magogo. Kwa hiyo Jumamosi iliyopita nilichukua laki tatu na nusu niliyokuwa naidunduliza tangu Agosti, nikaenda mjini kutafuta matairi.

Mimi ni mwalimu. Naishi Nzuguni, nafundisha upande wa Chamwino, na kila mwezi naenda Mpwapwa kumchukua mama nimlete mjini kliniki ya presha. Gari langu ni Toyota IST. Linabeba watoto wangu wawili, linabeba mama, na msimu wa mavuno linabeba na gunia la mahindi. Sina gari jingine, na sina pesa ya kununua matairi manne mapya ya jina kubwa kwa mkupuo. Naamini tuko wengi.

Lakini nianzie Machi.

Siku hiyo tulitoka Mpwapwa alfajiri, tukapita Kongwa, tukaingia barabara kuu pale Mbande. Kulikuwa na jua kali siku tano mfululizo, na tulipoipita Buigiri yakaanza manyunyu. Manyunyu ya namna hiyo ni mabaya kuliko mvua kubwa, kwa sababu hayaoshi barabara. Yanakoroga tu vumbi na mafuta yaliyodondoka kwenye lami, yakawa kama sabuni. Nilikuwa kwenye mwendo wa sabini hivi. Bodaboda ikaingia barabarani kutoka kushoto, nikakanyaga breki, na gari likaanza kugeuka. Nyuma ndiko kulikotangulia kuondoka. Mkia ulivutwa kulia, nikajikuta natazama mashamba badala ya barabara, na tukasimama tairi moja likiwa ukingoni mwa mtaro. Bodaboda ilishakwenda zake.

Mama hakupiga kelele. Alikuwa ameshika mshikio wa juu ya mlango kwa mikono miwili, na alikaa kimya mpaka tulipofika Ihumwa. Hapo ndipo akaniuliza, "Mwanangu, haya matairi si ulisema ni mazima?"

Nilisema hivyo kweli. Na nilikuwa na sababu. Gari nililinunua mwaka 2022 likiwa limetoka Japani, na lilikuja na matairi yenye kashata ndefu, yale meno ya mpira yanayokanyaga barabara, ambazo kila fundi alizisifia. "Mwalimu, haya ni ya Japani yenyewe, utakaa nayo miaka." Ya mbele yaliisha ndani ya mwaka mmoja na miezi michache, nikashangaa, nikalaumu barabara ya vumbi ya kwenda shuleni, nikanunua mawili ya mtumba. Ya nyuma yalibaki na kashata zake ndefu, na hayo ndiyo niliyokuwa nayaamini kuliko yote. Kumbe hayo ndiyo yaliyotutoa barabarani.

Aliyenifungua macho ni fundi mmoja wa pancha, mtu mzima, ambaye nilimpelekea gari wiki ileile. Hakutazama kashata hata kidogo. Alichutama, akafuta ubavu wa tairi kwa kitambaa chenye maji, akaniambia, "Soma hapa, mwalimu." Palikuwa na neno STUDLESS. Akasogeza kidole pembeni, kwenye tarakimu nne ndani ya kiduara kilichorefuka: 4416. Tairi lilitengenezwa wiki ya 44 ya mwaka 2016. Lilikuwa na zaidi ya miaka minane, na lilitengenezwa kwa ajili ya theluji.

Jambo hili linafaa kuelezwa vizuri, kwa sababu matairi ya aina hiyo yamejaa mtaani kwetu. Japani sehemu kubwa ya kaskazini, Hokkaido na majirani zake, hupata theluji nyingi kila majira ya baridi. Zamani walitumia matairi yenye misumari midogo ya chuma ili yashike barafu. Misumari ile ilisaga lami mpaka vumbi likawa kero kwa afya za watu, na mwaka 1990 ikatungwa sheria ya kuizuia. Ndipo matairi ya theluji yasiyo na misumari yakatawala, na neno lile STUDLESS maana yake ni hiyo. Yanashika barafu kwa sababu mpira wake ni laini mno na kashata zake zimechanjwachanjwa kwa mikato midogo mingi, kama mistari ya kisu kwenye mkate. Mpira huo umekusudiwa baridi, kuanzia kama nyuzi 7 kushuka chini. Sisi hata kipupwe cha Julai, usiku tunapojifunika mablanketi, hatufiki huko. Na mchana wa Novemba hewa yenyewe ni nyuzi 31 au 32, lami ina joto kuliko hewa. Tairi la theluji kwenye lami hiyo linalainika, kashata zake zinayumba, linaliwa kama ufutio wa penseli, na breki kwenye lami yenye maji inakuwa ndefu. Likizeeka nalo, ule ulaini wake unapotea, linabaki gumu na lisiloshika kitu.

Kuna jambo jingine ambalo liliponiingia akilini nilikaa kimya kwa muda. Tairi la theluji lina alama mbili za kuisha. Moja ni ile ya matairi yote, vinundu vilivyo ndani ya mfereji, ambavyo kashata ikishuka mpaka kuwa sawa navyo zimebaki milimita 1.6. Ya pili ni ya juu zaidi, inayoonyesha kwamba nusu ya kashata imeliwa. Ikifika hapo, Mjapani anajua tairi halifai tena kwenye theluji, analitoa. Likifika huku bado lina nusu nzima ya kashata, na tairi la theluji huanza na kashata ndefu kuliko la kawaida. Muuzaji akilipaka dawa ya kung'arisha na kulisimamisha kando ya barabara, linaonekana bora kuliko tairi la kawaida lililo jirani yake. Mtu anachagua kwa macho, kama nilivyoyaamini yangu kwa macho.

Tangu mvua zilipokata Aprili nimetembea na matairi yale polepole, nikiogopa hata matuta ya barabarani. Jumamosi nikaingia mjini na rula ya shule, njiti za kiberiti na kitambaa kibichi.

Pale karibu na soko la Majengo nilianza na mtumba, maana ndiko pesa yangu ilikotaka kwenda. Bei niliyotajiwa ni elfu sabini kwa tairi moja, manne laki mbili na themanini, na chenji inabaki. Kijana aliyenihudumia alikuwa na adabu, aliniita dada, akanitolea tairi baada ya tairi. Nilifuta na kusoma kumi na moja. Manne yalikuwa ya theluji. Mawili yalikuwa ya mwaka 2014. Moja sikuiona tarehe yake mpaka nilipoomba lipinduliwe, kwa sababu mara nyingi tarakimu zile nne huandikwa upande mmoja tu. Ukiona upande wa pili utadhani hazipo. Lingine mifereji yake ilikuwa na kingo kali mno, na vile vinundu vya 1.6 ndani hamna: lilikuwa limechongwa kwa kisu cha moto ili lionekane jipya. Tairi la gari dogo likichongwa, kinachoondolewa ni ule mpira mchache uliobaki kulinda nyuzi za ndani. Siwezi kumpandisha mama yangu juu ya kitu hicho, hata nikipewa bure.

Yaliyobaki yalikuwa na nyufa ndogondogo pale ubavu unapokutana na kashata, zile nyufa zinazofunguka ukilikunja tairi kwa vidole. Ni jua na umri. Jua letu halina huruma, na tairi lililoanikwa barabarani miezi sita limezeeka kabla halijatembea. Watengenezaji wengi wa magari wanasema baada ya miaka sita tairi libadilishwe au lichunguzwe kwa makini, na miaka kumi ndiyo mwisho kabisa hata kama kashata zimejaa.

Duka la pili walikuwa na mapya, ila si ya saizi yangu. Gari langu linavaa 185/65 R15. Yaani upana milimita 185, kimo cha ubavu asilimia 65 ya upana huo, na rimu ya inchi 15. Muuzaji alinipa 195/65 R15 akasema linaingia tu. Linaingia rimuni, ndiyo. Lakini nilipiga hesabu palepale kwenye risiti: tairi zima linakuwa refu kwa milimita 13, na gari likijaa abiria na mzigo linaweza kusugua kwenye kava la ndani unapokata kona. Mwendo unaousoma kwenye dashibodi nao unakuwa chini kidogo kuliko ungeousoma kwa saizi sahihi. Nikamshukuru, nikaondoka. Namba inayofuata mara baada ya saizi nayo muisome. Yangu inasema 88, maana yake kila tairi linabeba kilo 560. Msikubali namba ya chini ya ile iliyo kwenye kibandiko cha mlango wa dereva.

Duka la tatu nikapata nilichotafuta. Tairi jipya la Kichina, jina ambalo sikuwahi kulisikia, saizi ileile, 88, na tarakimu 1125. Wiki ya 11 ya mwaka 2025. Laki moja na hamsini na tano. Najua wengi wanaamini mtumba wa Japani ni bora kuliko mpya wa Mchina. Mimi nilikuwa mmoja wao. Lakini swali langu Jumamosi halikuwa Japani na Uchina. Nililinganisha mpira wa miezi minane uliotengenezwa kwa joto na mpira wa miaka minane uliotengenezwa kwa barafu, na kwenye manyunyu ya Buigiri sina shaka nautaka upi.

Pesa ilitosha mawili, laki tatu na kumi. Na matairi yangu ya mbele, yale ya mtumba ya mwaka juzi, niliyapima palepale. Njia yangu ni rahisi: nachomeka njiti ya kiberiti kwenye mfereji, naweka ukucha pale kashata inapoishia, naiweka kwenye rula. Yalisoma milimita nne kushoto, nne kasoro kulia, tarehe zake 2321, hayana nyufa, na si ya theluji. Yanavuka msimu huu. Nimeamua mawili mazuri sasa na mawili mengine Februari, kuliko manne ya wasiwasi leo.

Ubishi ulikuja wakati wa kufunga. Fundi wa pale alitaka mapya yaende mbele na yale ya mbele yarudi nyuma. "Mwalimu, mbele ndiko kuna injini, ndiko kuna usukani, ndiko unakovutia." Nikamwambia, "Fundi wangu, mapya nyuma." Akacheka, akamwita mwenzake asikilize. Nikawaeleza kwa utulivu. Matairi ya mbele yakiteleza, gari linaendelea kwenda mbele, ukiachia mafuta na kunyoosha usukani kidogo linashika tena. Ya nyuma yakiteleza, gari linajizungusha, na dereva wa kawaida kama mimi hana la kufanya. Hata kampuni za matairi zinashauri mapya mawili yawekwe nyuma, hata kwa gari linalovutwa na magurudumu ya mbele kama IST. Kisha nikawasimulia ya Machi, mkia ulivyotangulia. Yule mwenzake akaacha kucheka, akasema, "Mpe nyuma."

Baransi na vali mpya vilikula elfu ishirini. Tairi la mbele kulia lilikuwa linaliwa zaidi upande wa ndani, kwa hiyo elfu ishirini iliyobaki itaenda kwenye alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu, Ijumaa, maana bila hiyo hata jipya litaliwa hivyohivyo. Nikamwomba pia apime spea. Spea yangu ni lile tairi jembamba la muda, ambalo limeandikwa lisizidi kilomita 80 kwa saa na lijazwe upepo wa 420 kPa, kama PSI 60. Lilikuwa na 25. Tangu gari lije hakuna aliyeligusa, na siku zote hizo nimekuwa nikipita nalo usiku porini kati ya Kongwa na Mpwapwa.

Yale mawili ya theluji yalibaki chini, kashata zake bado nene, yakipendeza. Kijana mmoja akaja kuyatazama, akauliza bei. Nikamwambia fundi ayachane ubavuni kwa kisu, mbele yangu, yote mawili. Alisita, akasema nikiyauza nitapata elfu thelathini. Nikasimama pale mpaka alipomaliza. Mzee mmoja anayetengeneza katambuga akayachukua, akayafunga kwenye baiskeli yake, akaelekea Chang'ombe.