Ami yangu na karafuu

Jamani hili linanikaa rohoni toka msimu ulopita wacha niliseme. Tulikuwa kwetu Wete, Pemba, tumeanika karafuu uani majamvi tele, siku ya nne jua kali, sote tukiangalia twaona zishageuka rangi, tukasema tayari hizi, tutie magunia tukauze. Ami yangu, yeye haoni toka utotoni, akasema ngojeni kwanza. Tukampuuza, na mie wa mwanzo, wallahi naona haya hadi leo.

Kumbe keshapita na mkono wake kila jamvi. Akateka konzi ya jamvi la ukutani kule kivulini akaitikisa sikioni, akachukua karafuu moja akaibana kwa kidole gumba, ikapinda tu. Akanipa ya jamvi la katikati, ile ikakatika ta! Basi tungechanganya zile mbichi gunia zima lingevunda.

Miaka yote hiyo tulikuwa twamkalisha na watoto achambue makonyo, vile vijiti vya karafuu, hakuna alomuuliza kitu! Sheria ya watu wenye ulemavu Zanzibar tunayo toka 2006 lakini majumbani mwetu bado mtu haulizwi, na kwenye vikao ndo vivyo hivyo, kiziwi anaitwa anakaa hakuna wa kumfasiria kwa lugha ya alama halafu twasema alikuwepo.

Msimu huu hatufungi gunia mpaka ami apitishe mkono, na fungu lake la pesa anapewa mkononi mwake mwenyewe.