Deni la Bati: Safari ya Iringa hadi Rungwe

Nilipanda basi katika stendi ya Igumbilo, Iringa, alfajiri ya Alhamisi moja katikati ya Julai, wakati ambapo baridi hushika mpaka wapiga debe wakaita abiria mikono ikiwa kwapani. Mkobani nilikuwa na kilo mbili za misumari ya bati niliyoagizwa na mama yangu mdogo, pamoja na karatasi ya mwenye nyumba wangu wa Kihesa iliyonikumbusha kwamba kodi ya miezi sita ijayo inatakiwa kabla mwezi haujaisha. Mama mdogo ni mjane ambaye hajapokea mshahara hata siku moja maishani mwake, na wiki hiyo alikuwa anapaua nyumba ya vyumba vitatu huko Rungwe. Mimi nimeajiriwa kwa mwaka wa tisa sasa na sina hata tofali moja. Nilikuwa nimemwambia kwamba ninakwenda kumsaidia, na sikusema uongo, ila nilikuwa ninakwenda pia kuona amewezaje.

Mpaka Mafinga nilisinzia. Tulipokuwa tunapita katika misitu ya Sao Hill, mzee aliyeketi pembeni yangu alisikia misumari ikigongana mkobani akaniuliza, kwa upole wa watu wa zamani, ni nyumba ya nani. Nilimweleza. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema kwamba yeye anashukia Makambako ili apande gari la Songea, na kwamba utoto wake aliusomea Litowa.

Jina hilo nilikuwa nimelisoma tu. Litowa ni kijiji cha Songea ambacho, mwanzoni mwa miaka ya 1960, watu wake waliamua wenyewe kulima pamoja, kula kwa mpango na kuendesha shule yao. Vijiji vingine vikafuata mfano huo, vikaungana katika Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, hadi vikafika 17. Azimio la Arusha lilipotangazwa Februari 1967, wao walikuwa wamekwisha kuishi hivyo kwa miaka kadhaa, wakiwa na mashine yao ya kusaga nafaka. Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja chama hicho na mali zake zikachukuliwa.

“Kwani kosa lilikuwa nini, baba?” nilimwuliza.

“Tulikuwa tunakubaliana kabla ya kuambiwa, mwanangu,” alijibu, akaanza kutafuta fimbo yake chini ya kiti kwa sababu Makambako ilikuwa imekaribia.

Niliendelea na safari nikiwa na jibu hilo. Mwaka 1973 ilitangazwa kwamba kuishi katika vijiji ni amri, na kwamba kazi hiyo iwe imekamilika ifikapo mwisho wa 1976. Mwaka huohuo wa 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, vikaja kurudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Ndiyo maana watu wengi wa umri wa wazazi wangu wakisikia neno ushirika hukunja uso kwanza, wakauliza maswali baadaye. Wanakumbuka lori lililowahamisha. Asubuhi za kufyatua tofali pamoja, ambazo nazo zilikuwapo, wengi hawazitaji mpaka uwaulize.

Chimala na Igurusi zilipita dirishani pamoja na mashamba yake ya mpunga yaliyokwisha kuvunwa. Uyole nilibadili gari, nikabanwa katika haisi iliyopanda milima hadi Isyonje, ambako magunia ya viazi hupangwa kando ya barabara na ukungu hushuka mpaka kwenye miguu ya wauzaji, kisha tukateremka Kiwira huku Mlima Rungwe, wenye urefu wa mita 2,960, ukijificha na kujitokeza. Hata wakati huo wa kiangazi migomba ilikuwa ya kijani kibichi, kwa kuwa nchi hiyo hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka. Mama mdogo alinipokea njia panda na kanga mbili mabegani. Alipokwisha kuitikia shikamoo yangu, alipokea mkoba, akaupima uzito kwa mkono, akanishukuru kwa Kinyakyusa, “Ndaga fijo, mwanangu. Misumari imetimia.”

Kikundi chake kina watu 24, wanawake 19 na wanaume watano, wote wakaao ndani ya mwendo wa nusu saa kwa miguu. Kilianza kama chama cha kufa na kuzikana, yaani watu waliokubaliana kuchangia sanda, unga na kuni za matanga, na mambo mengine yote yalipandikizwa juu ya shina hilo. Ijumaa jioni nilihudhuria kikao chao. Sanduku la chuma lenye kufuli tatu liliwekwa katikati, na watu watatu tofauti, kila mmoja na ufunguo wake, wakalifungua. Kila mwanachama akanunua hisa kati ya moja na tano, mhuri ukagongwa katika kitabu chake mbele ya macho ya wote, kisha likazunguka bakuli la mfuko wa jamii kwa ajili ya wagonjwa na wafiwa. Mkopo hauzidi mara tatu ya hisa za mtu. Utaratibu huu ulianzia mbali sana na Rungwe, kwa wanawake wa Maradi nchini Niger mwaka 1991, lakini ukimtajia habari hiyo mweka hazina wa kikundi atakuangalia kana kwamba umedai ugali umeletwa kwa meli.

Kilichonishika zaidi kilikuwa hesabu ya bati. Kila mwezi mwanachama mmoja, kwa zamu iliyopangwa kwa kura, huletewa bati moja na kila mmoja wa wenzake. Mama mdogo aliangukia zamu ya tisa. Maana yake ni kwamba alikuwa amekwisha kutoa bati 8, sasa anapokea 23, na amebakiwa na deni la 15, ambalo atalilipa moja moja kwa muda wa mwaka na robo. Bati nyingine 14 alizinunua kwa gawio la hisa zake la Desemba iliyopita. Nilipomwuliza itakuwaje bei ya bati ikipanda kabla hajamaliza kulipa, alinitazama kwa huruma. Deni haliandikwi kwa shilingi. Umepokea bati la geji 30 la urefu wa mita tatu, unarudisha bati la geji 30 la urefu wa mita tatu, na kama dukani limepanda bei, hilo ni shauri lako na duka. Aliye wa mwisho katika kura anapata paa lilelile alilopata wa kwanza. Katika miaka yote niliyoweka akiba ya fedha na kuiona ikinyong'onyea, sikuwahi kufikiria kwamba dawa yake inaweza kuwa rahisi hivyo.

Usiku huo alinionyesha daftari la ujenzi. Fedha taslimu ziliandikwa katika kurasa tatu tu: fundi, saruji, milango, bawaba, misumari. Kurasa zilizobaki zilikuwa siku. Udongo ulichimbwa katika kiwanja chake mwenyewe, tofali zikafyatuliwa na wanakikundi kwa siku mbili kila mmoja, na tanuri likachomwa kwa kuni za milingoti, yaani mikaratusi, aliyoipanda marehemu mumewe. Mbele ya kila jina kulikuwa na idadi ya siku alizofanya kazi, na katika safu ya pili siku ambazo mama mdogo amekwisha kuzirudisha kwa kubeba maji, kupikia mafundi au kupalilia shamba la mwingine. Niliacha kuiita nyumba yake rahisi. Gharama yote ilikuwamo humo. Sehemu kubwa yake ilikuwa imelipwa kwa mgongo.

Jumamosi asubuhi, kabla ngazi haijainuliwa, katibu, mama mnene asiyecheka ovyo, alipita akikagua bati moja baada ya jingine kwa kulibonyeza kwa kidole gumba. La kumi na moja lilibonyea. Ilikuwa geji 32, nyembamba zaidi, ambayo kwa macho tu huwezi kuitofautisha. Mwanamume aliyeileta alijieleza kwamba mwenye duka ndiye aliyemdanganya, na huenda ilikuwa kweli, lakini hakuna aliyemsaidia kusema. Alipewa wiki moja alete lingine, pamoja na faini ya shilingi 5,000, mbele ya mke wake na watoto wa jirani. Nilijikuta ninatazama chini. Kihesa hakuna anayejua nimepika nini wala nimechelewa kulipa nini, na lazima nikiri kwamba ninaipenda hali hiyo, ingawa kila miezi sita ninailipia.

Tulipoketi kula ndizi zilizopikwa na maharage, mzee mmoja jirani alinieleza kwamba zamani Wanyakyusa hawakuishi kwa ukoo kama makabila mengi, bali kwa rika: wavulana wa miaka kumi hivi walijenga vibanda vyao pembeni mwa kijiji cha baba zao, wakala kwa makundi, leo kwa mama wa huyu na kesho kwa mama wa yule, na kundi hilo likakua kuwa kijiji kamili wenyewe walipooa. Wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson waliyakuta mambo hayo katika miaka ya 1930, wakaandika sana juu ya neno ukwangala, yaani raha ya kukaa pamoja na kula pamoja kwa adabu. Mama mdogo alisikiliza, kisha akaongeza jambo ambalo mzee hakulitaja: vijiji hivyo vilikuwa vya wanaume, na mwanamke aliingia kama mke wa fulani. “Sasa ufunguo mmoja wa sanduku ninao mimi,” alisema, akaendelea kupakua.

Nilimsimulia kisa changu. Miaka mitatu iliyopita tulikuwa na mchezo wa kupeana fedha kwa zamu kazini, watu kumi, laki moja kila mwezi. Aliyepokea wa pili akahama mkoa, namba yake ya simu ikazimwa, na mchezo ukafia hapo. Hakushangaa. Aliniuliza tu kama tulikuwa tunajua kaburi la baba wa mtu huyo liko wapi. Sikuelewa mara moja. Alinionyesha kwa kidevu mgomba uliokuwa nyuma ya nyumba ya katibu, ambako wamelala wazazi wa katibu, halafu kilima ambako amelala mumewe, aliyechimbiwa na watu walewale waliokuwa juu ya paa wakigonga misumari yangu.

Jioni nilimwomba mwenyekiti nijiunge. Nilieleza kwamba nitatuma fedha za hisa na za bati kwa simu kila mwezi bila kukosa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniita binti yangu, akakataa. Kikao ni kila Ijumaa, alisema, na asiyekuwapo hawezi kuona sanduku likifunguliwa wala kubonyeza bati; wakianza kumpokea mmoja wa mbali, baada ya mwaka watakuwa na kumi wasiowajua. Nilikasirika kidogo, nikanyamaza.

Jumapili asubuhi, nikiwa nimekwisha kufunga mkungu wa ndizi tayari kwa safari, katibu alifika na daftari. Alitaka kujua ukoo wangu unaandikwaje. Nilimwambia, naye akauandika polepole chini ya majina ya watu wa siku ya paa: ndoo za maji, siku moja. Nilimkumbusha kwamba mimi si mwanachama na kwamba niliyembebea ni mama yangu. Alisema siku ni siku, na kwamba mama mdogo sasa ananidai bati sifuri na ninamdai yeye siku moja ya kazi, mahali popote nitakapojenga. Mama mdogo, aliyekuwa anafagia mabaki ya misumari, aliitikia kwamba deni amelikubali.

Haisi ya Uyole ilipiga honi njia panda.