Karata ikigoma mbele ya watu

Kwa wanaofanya mazingaombwe kwenye sherehe za Dar, hasa ufukweni Coco: adui wa kwanza ni unyevu. Karata za karatasi hunyonya jasho na hewa ya bahari, zinavimba, mbili zinagandana. Unahesabu tano kumbe ni sita. Beba pakiti ya pili, kavu, ubadilishe katikati ya onyesho.

Mtu akichagua karata kwa siri, nawe ukatoa saba ya shupaza akatikisa kichwa kuwa siyo yake, usiombe radhi. Ndiyo maana mwisho hautangazwi mapema: ambacho hakuahidiwa, mtazamaji hawezi kukidai. Muulize kwa sauti, "Kwani yako ipi?" Akisema tatu ya kopa, zitandaze zikikutazama wewe, lalamika kwa utani, na wakati wanacheka ipeleke juu kabisa. Mwambie aweke kiganja juu ya pakiti, kisha afunue mwenyewe. Sasa lile kosa limegeuka utangulizi.

Sarafu ikidondoka usiikimbilie. Mtoto wa mbele aiokote, macho yote yatamfuata yeye.

Lastiki ya kuficha leso ndani ya koti hulegea kwa joto. Ivute mara kadhaa kabla ya kupanda jukwaani. Ikichelewa kurudi, itupe. Bei yake ni ndogo kuliko aibu.