Enduro ya bei nafuu inayoweza kuishi Arusha

Wenzangu wa baiskeli za mlima hapa Arusha huniuliza mara kwa mara wanunue enduro gani, na kabla sijataja jina lolote huwa nawauliza wanaendesha wapi. Kama njia zako ni barabara za vumbi za Kisongo na Monduli, nunua baiskeli yenye shokapu za mbele tu. Itakuwa nyepesi, itatunzika kirahisi, na hela itakayobaki utanunulia matairi mazuri. Enduro, yenye shokapu mbele na nyuma, ni ya mtu anayepanda kwa nguvu zake hadi Ng'iresi, kwenye miteremko ya Mlima Meru, halafu anashuka kwa njia za miguu zenye mizizi na udongo unaoteleza kama sabuni wakati wa masika. Ni ya anayekwenda Lushoto kushuka kutoka Irente kuelekea Mazinde, mawe matupu na kona za ghafla.

Mchezo wenyewe ndivyo ulivyo. Tangu Enduro World Series, mashindano yake ya dunia, ianze mwaka 2013, saa inahesabu kwenye vipande vya mteremko, na milima mingi ya katikati unaipanda kwa kukanyaga. Baiskeli basi ina kazi mbili zinazopingana. Shokapu zake zinayapa magurudumu mwendo wa milimita 150 hadi 170. Kichwa cha fremu kimelala, nyuzi 63 hadi 65, ili gurudumu la mbele litangulie mbali na wewe usirushwe juu ya usukani. Papo hapo bomba la siti limesimama, nyuzi 76 au zaidi, ili mlimani uzito wako ukae juu ya pedeli. Namba hizo ndizo ninazozilipia kwanza, kwa sababu karibu kila kitu kingine utakibadilisha siku ukipata hela, lakini umbo la fremu utakaa nalo mpaka uiuze.

Kaboni siitaki, na nasema hivyo nikijua wapo watakaokasirika. Uzito unaopungua kwenye fremu mara nyingi haufiki kilo moja, bei inapanda sana, na jiwe likiruka likapiga bomba la chini unabaki na wasiwasi ambao fundi wa hapa hawezi kukuondolea. Alumini ikibonyea unaona imebonyea. Ikipasuka, ufa hujitokeza karibu na maungio ya kuchomelea, na jicho linauona mapema ukiwa na tabia ya kuosha baiskeli yako mwenyewe.

Fremu za alumini zenye thamani nzuri nyingi zinatoka kwa watengenezaji wanaomuuzia mteja moja kwa moja: Canyon wa Koblenz, Ujerumani, Propain, na Commencal wa Andorra. Ulaya, enduro mpya ya alumini iliyokamilika utaikuta kati ya euro 2,500 na 4,000. Ndiyo, ni hela nyingi sana kwetu, na ushuru bado. Kwa hiyo wengi wetu tunanunua mtumba, ama kwa mgeni anayemaliza mkataba wake hapa na hataki kurudi na mzigo, ama kwa ndugu anayekuja na sanduku kupitia uwanja wa ndege wa KIA. Enduro ya alumini ina kilo 15 hadi 17, hivyo hata ndani ya sanduku inaweza kubaki chini ya kilo 23 ambazo mashirika mengi ya ndege huzitaka.

Sasa breki, na hapa naomba unisikilize vizuri. Nataka pistoni nne mbele na nyuma, na diski za milimita 200 au 203. Mteremko mrefu wa Usambara unapasha breki ndogo moto mpaka lever inagusa usukani. Lakini zaidi ya ukubwa, uliza inatumia oili gani. Shimano hutumia oili ya madini, ambayo hapa mjini itabidi uagize. SRAM Code na Guide hutumia DOT 5.1 au DOT 4, na DOT 4 ipo kwenye kila duka la spea za magari. Angalia tu kwamba SRAM Maven, iliyotoka 2024, imehamia kwenye oili ya madini. Usichanganye kamwe, maana oili isiyo yake huharibu mipira ya ndani. Breki za Shimano ni nzuri na zinanyamaza miaka mingi. Ukizichagua, nunua chupa yake siku hiyohiyo.

Mantiki hiyohiyo naipeleka kwenye beringi. Fremu yenye shokapu ya nyuma ina viungo vingi, na vumbi la hapa linavitafuna. Fremu nyingi hutumia beringi za namba za kawaida, mfano 6902, ambayo ni milimita 15 kwa 28 kwa 7. Namba imeandikwa pembeni, na muuza beringi za mashine na magari anaweza kukupatia. Fremu yenye beringi za pekee za kampuni moja mimi naiacha, hata iwe nzuri namna gani. Naipenda pia fremu ambayo beringi za mhimili wa pedeli zinafungwa kwa nati badala ya kugongwa ndani, na yenye kishikio cha gia cha aina ya UDH, ambacho SRAM walikileta 2019 na sasa kampuni nyingi zinakitumia. Ukikikunja kwenye jiwe, unajua jina la unachotafuta.

Gia hazinisumbui. Shimano Deore ya gia 12 inatosha kabisa. Kaseti yake ya meno 10 hadi 51 inapanda popote miguu yako inapoweza kupanda. Spea zake hazipo madukani hapa, basi badilisha mnyororo mapema kabla haujala kaseti. Pedeli za bapa zinatosha pia. Sam Hill wa Australia alichukua ubingwa wa Enduro World Series 2017, 2018 na 2019 akiwa kwenye pedeli za bapa.

Kwa mtumba, nenda mchana. Shika siti, inua baiskeli kidogo na uishushe, usikilize viungo vya nyuma. Mlio mdogo wa chuma kugongana ni beringi, na beringi zinabadilishika, ila punguza bei. Pitisha ukucha kwenye miguu inayong'aa ya foku, yaani shokapu ya mbele. Ukucha ukikwama kwenye mkwaruzo pale mpira unapopita, oili itavuja, na mguu mpya ni ghali. Muulize mwenyewe foku ilifanyiwa huduma lini. RockShox wanataka sehemu ya chini ifunguliwe kila saa 50 za kuendesha, na anayejua jibu hilo mara nyingi ametunza na mengine. Foku ya RockShox Yari isikutishe kwa kuwa ni ya daraja la chini: mwili wake ni uleule wa Lyrik za kabla ya 2023, foku ya daraja la juu ya kampuni hiyohiyo, na kifaa cha ndani cha Lyrik hizo kinaingia.

Mimi nina kilo 58, na wanawake wengi na vijana wepesi tunauziwa baiskeli zilizopimwa kwa mtu wa kilo 80. Ndiyo maana naisisitiza shokapu ya hewa badala ya ile ya springi: ya springi itakudai ununue springi nyingine, ya hewa unapunguza upepo kwa pampu ndogo. Kaa kwenye baiskeli ukiwa na maji na mkoba wako, sogeza kile kimpira kidogo kinachozunguka nguzo ya shokapu ya nyuma mpaka kiguse mwili wake, shuka taratibu, upime. Kwa shokapu ya nyuma ambayo nguzo yake yenyewe ina mwendo wa milimita 65, nataka kimpira kimesogea karibu milimita 20, yaani asilimia 30. Halafu legeza kitufe cha urejeaji, kwa sababu ukipunguza upepo, shokapu iliyoachwa kama ya mtu mzito itarudi polepole mno, na kwenye mawe yanayofuatana itabaki imezama.

Anayekuja na sanduku mwambie aweke ndani yake pampu ya shokapu, vishikio viwili vya gia, minyororo miwili, pedi za breki seti mbili na chupa kubwa ya maji ya kuziba matundu ya tairi lisilo na tyubu. Migunga ya huku haina huruma na tyubu, na maji hayo hukauka haraka kwenye joto.