Dakika 40 tu mpaka mjini

Aliyeniuzia kiwanja aliniambia kutoka hapa mpaka katikati ya mji ni dakika 40, na kweli siku ile tulitumia dakika 40 maana ilikuwa Jumapili asubuhi, sasa sijui akili yangu ilikuwa wapi kutojiuliza watu wengine wote wako wapi. Jumatatu ya kwanza baada ya kuhamia nilitumia saa mbili kasoro. Huu ni mwaka wa 6 na mtu akiniuliza nakaa mbali kiasi gani siwezi kumtajia kilometa, namuuliza kwanza, unataka kwenda saa ngapi? Maana ukitoka saa kumi na moja alfajiri nakaa karibu tu, ukitoka saa moja nakaa nchi nyingine.

Ndani ya begi langu kuna mfuko wa plastiki wenye viatu vya kazini. Natoka nyumbani na raba kuukuu, nikifika kituoni nakaa kwenye jiwe moja hivi ambalo limeshakuwa laini kwa kukaliwa, nabadilisha, halafu zile raba zenye tope nafanyaje? Nazibeba. Kazini zinalala droo ya chini ya meza na kuna mwenzangu alidhani naficha chakula, siku alipofungua akapata jibu lake. Siku za mvua pale kwenye jiwe tunakuwa na foleni kabisa, watu wazima wamevaa vizuri juu, chini wako pekupeku, hakuna anayemwangalia mwenzake.

Kuna Mwitaliano mmoja, Cesare Marchetti, mwanafizikia, aliandika mwaka 1994 kwamba binadamu tangu zamani hutumia kama saa moja hivi kwa siku kwa safari zake, kwenda na kurudi. Enzi za miguu nusu saa ilikufikisha kilometa 2 na nusu basi, na miji ya zamani haikuwa mikubwa zaidi ya hapo, kisha ikaja treni ikaja gari, mji ukatanuka ila ile saa moja ikabaki palepale. Ni nadharia nzuri ukiisoma umekaa. Mimi niliisoma nimesimama kwenye basi, mkono mmoja juu, na kiwiko cha mtu shingoni.

Ila hilo la saa siyo linaloniuma sana, niliyataka mwenyewe. Linaloniuma ni nani katangulia. Reli ya Metropolitan ya London ilianza 1863 chini ya ardhi, baadae ikatoka nje ikaelekea mashambani kaskazini magharibi, na ikafika mahali yenyewe ndiyo inajenga na kuuza nyumba pembeni ya stesheni zake, eneo zima wakalibatiza Metro-land, matangazo yamejaa maua na hewa safi. Ilikuwa biashara tupu na mashamba yalimezwa hayohayo, lakini angalau reli ilitangulia na watu wakafuata. Huku kwetu sisi ndio tumetangulia. Tukajenga, tukaweka geti, tukapanda maua, ndipo tukaanza kuulizana jamani hivi barabara itapita wapi.

Na jibu la hilo swali ni kigingi. Kilichomekwa hatua mbili ndani ya ukuta wa jirani yangu, kina rangi nyekundu kichwani na namba imeandikwa kwa mkono, alikikuta asubuhi tu kama uyoga. Mwaka wa 3 huu kipo, hakuna aliyerudi kukisemea. Jirani hajathubutu kung'oa wala hajathubutu kumalizia ukuta, amepanda maboga yamekizunguka ili asikione. Kama ile njia ingechorwa wakati hapa pana nyasi, kigingi kingekuwa kwenye nyasi, na gharama ingekuwa ya rangi tu.

Maji ya mvua ndiyo mbaya zaidi kwa sababu hayana wa kumlaumu. Nilipohamia mvua ikinyesha ardhi ilikuwa inakunywa, kulikuwa na vichaka na kibonde pale chini vyura wanaimba usiku kucha. Kila aliyekuja akasakafia ua wake, akaezeka bati lake, akajenga ukuta wake, hakuna aliyekosea ukimtazama peke yake, ila ukijumlisha paa na sakafu zote hizo maji hayana pa kuzama yanatafuta pa kukimbilia na kile kibonde kimeshajengwa. Mwaka juzi dada wa nyumba ya chini akapandisha mpaka getini kwangu na viatu mkononi, "Kaka, samahani, haya maji yote yanatoka kwako." Nikambishia nikamwambia yanatoka kule juu kwa wenye maghorofa. Alipoondoka nikatoka na tochi nikaangalia. Yalikuwa yanatoka kwangu, nilikuwa nimeweka vitofali ua mzima miezi michache nyuma, vinapendeza sana kwa kweli. Nimeng'oa mistari miwili pembeni nikarudisha udongo na nyasi, inasaidia kidogo, mtaro wa maana unahitaji kupita kwenye viwanja vya watu 9 na kila mmoja anataka upite kwa mwenzake.

Watu huku wanasema barabara kuu ikipanuliwa yote yataisha. Mimi pia nilikuwa nasema. Houston kule Marekani waliipanua Katy Freeway, ikakamilika 2008, kuna sehemu ukihesabu na njia za pembeni zinafika 26, na bado foleni ilirudi miaka michache tu baadae, maana barabara ikifunguka watu wanajenga mbele zaidi, wale wa mbele nao asubuhi wanapita hapohapo. Mchumi Anthony Downs alishaandika jambo hili 1962. Sisemi wasipanue, na mimi nataka kulala mpaka saa kumi na mbili, nasema tu basi lenye njia yake peke yake lingetubeba wengi kuliko hizo njia, ila hakuna anayegombea chochote kwa kuahidi basi.

Usiku bado ni mzuri lakini. Mwaka wa kwanza nikisimama dirishani nilikuwa nahesabu taa 3, najua kila moja ni ya nani, ikichelewa kuwaka nawaza jamani huyu vipi leo. Sasa siwezi kuhesabu. Mbwa wameongezeka, vyura hakuna.

Jumapili iliyopita kijana mmoja na mkewe walikuwa wanatembea na dalali upande wa pili wa njia, mke amevaa viatu vyeupe kabisa, nikajua hawajawahi kufika huku siku ya mvua. Dalali alipoenda kupokea simu mke akanisogelea, akanisalimia vizuri, akaniuliza kaka, mpaka mjini inachukua muda gani? Nikamwangalia, nikaangalia viatu. Nikasema ukiwahi kutoka, dakika 40.

Ni kweli si uongo. Na viwanja vikijaa upande ule labda mtaro utapata mtu wa 10.