Mjusi wangu alivyoanza kula tena

Ndevu, mjusi wangu wa aina ile ya Australia yenye miiba shingoni, alimaliza dawa ya minyoo lakini akagoma kula siku tisa. Nikimletea nyenje, anafumba macho. Iliniuma sana.

Tatizo lilikuwa joto. Jiwe lake la kuotea nilipolipima lilikuwa nyuzi 31 tu, na mijusi hawa huhitaji karibu 40 ili tumbo lisage chakula. Nikaishusha taa ya joto karibu na jiwe, kidogo kidogo huku nikipima. Ile ya UVB, inayotoa miale kama ya jua, nikaibadilisha. Ilipita mwaka, na miale huisha hata kama taa bado inawaka.

Asubuhi nilimwogesha maji ya uvuguvugu, akayalamba. Siku ya nne baada ya kurekebisha taa, nikamwekea funza mbele ya pua. Ulimi ukatoka, ukagusa, ukarudi. Kisha akamdaka!